Dada Yangu Golini

Mpira tulifundishwa kwenye kambi ya wakimbizi, upande wa Tanzania, na Mkongo mmoja wa Kivu ya Kusini ambaye hakuweza kukaa bure. Asubuhi aliuza mafuta ya mawese sokoni, jioni alikuwa kocha. Wavulana walikuwa na makocha wao wengi, wenye filimbi na makelele. Siku moja alipita uwanjani akatukuta wasichana tumekaa pembeni tunasukana nywele. Akasimama, akatuangalia, akauliza, "Na hawa, miguu yao iko na ugonjwa?" Timu yetu ilianzia hapo.

Mimi nilikuwa bado mtoto wa shule ya msingi. Dada yangu alikuwa ameshakuwa msichana mkubwa, mrefu, mwenye mikono inayofika mbali. Kocha alimpa goli siku ile ile. Sisi wengine tuliogopa mchanga mwekundu wa kambi kwa sababu maji ya kufulia yalikuwa ya foleni, lakini dada alijitupa kama mtu anayejitupa kitandani kwake. Aliporudi nyumbani mama alimwangalia gauni, akachukua ndoo kwenda foleni ya maji. Baba alikuwa hai bado. Yeye alicheka tu.

Nimekutana na makocha wengine tangu wakati ule, na wengi wanaanza na mpira. Yule alianza na mawe. Kabla ya kucheza tulipangwa mstari tukatembea uwanja mzima tukiokota mawe, vipande vya chupa na mifupa ya mbuzi. Halafu alikagua kucha zetu. Hereni na bangili zilivuliwa zikafungwa kwenye kitambaa chake. Tulikimbia polepole hadi jasho la kwanza litoke, tukanyoosha misuli ya mapaja na ya vigimbi, tukazungusha vifundo, na aliyecheka alianza upya. Maboksi ya sabuni tuliyakata tukayaingiza ndani ya soksi ili kukinga mifupa ya mbele ya mguu. Maji ya kunywa alileta mwenyewe, kwenye dumu la mafuta lililooshwa likakataa kuacha harufu, na alitulazimisha kunywa hata tukisema hatuna kiu.

Dada alimfundisha peke yake, baada ya wengine kuondoka. Alimfundisha kuanguka. Ubavu kwanza, kiwiko ndani, kidevu kifuani. "Golikipa iko anaanguka kila siku," alimwambia. "Kama hajui kuanguka, atacheza mwaka moja tu." Mimi nilikuwa nasubiri pembeni ili turudi pamoja, kwa hiyo nilisikia yote.

Mwaka ule niliteguka kifundo cha mguu. Jirani yetu alikuwa tayari anachemsha maji ili anikande, kama tulivyozoea wote. Kocha alimzuia kwa adabu, akaomba beseni la maji ya baridi, akanikalisha nimetumbukiza mguu, kisha akaufunga kwa kitambaa na kuuinua juu ya gunia. Nilikaa nje ya uwanja hadi nikaona aibu. Nilipomwambia kwamba mguu umepona aliniambia niruke kwa mguu ule mmoja. Nikaruka, nikakunja uso. "Bado," akasema. "Mguu inasema kweli, we unasema bongo," yaani uongo.

Jioni hiyo hiyo alitukalisha wote chini. Nadhani alikuwa ameona kwamba tunamwona mkali kupita kiasi. "Mguu inaweza kungoja, mkono inaweza kungoja," alisema. "Lakini kichwa hapana. Kama umepigwa kwa kichwa, na unasikia dunia inazunguka, unatoka. Hata kama ni finali unatoka. Kichwa haina rechange, we. Ikiharibika, hakuna duka yenye inauzisha ingine."

Tulicheka kwa sababu ya duka.

Tulirudi Burundi vita vilipokwisha, wakati watu wengi walikuwa wanarudi. Baba alikuwa ameshafariki, tumemwacha kwenye makaburi ya kambi, chini ya msalaba wa mbao. Malori yalitupakia na mabati, magodoro na kuku, yakatushusha, na baada ya hapo tukafika Buhinyuza, mkoa wa Muyinga, kwenye kilima, yaani kijiji chetu, ambacho mama alikuwa ametuelezea maisha yetu yote. Alikuwa ametuambia kuna migomba mingi. Kweli migomba ilikuwepo, lakini ilikuwa ya baba mdogo, ambaye alibaki, akailima, akazaa watoto juu ya ardhi ile. Hakuwa mtu mbaya. Walikaa na mama na wazee wa kilima, wakagawana. Sisi tukapata upande wa chini, wenye maharage na mihogo, na tukajenga.

Amani ilikuwepo. Nakumbuka mara ya kwanza mama aliponituma dukani jioni bila kunishika mkono kwanza. Lakini mimi na dada tulikuwa hatujui kuishi pale. Kirundi chetu kilikuwa cha nyumbani, cha mama na jiko, na tulipokosa neno tuliweka la Kiswahili. Watoto walitucheka kisimani. Watu walitusalimia vizuri, na tukishapita tuliwasikia wakisema, "Wale Watanzania." Tanzania tulikuwa tunaitwa Warundi.

Kwa hiyo Kiswahili kilibaki kuwa cha sisi wawili. Tukilima mstari mmoja tulikuwa tunaongea kwa sauti ndogo juu ya kambi: foleni ya maji, mwalimu aliyesinzia darasani, baba alivyokuwa anaimba akinyoa ndevu, kocha na mawe yake. Mama hakupenda. "Acheni huko kulikopita," alituambia. Lakini sisi hatukuwa na kwingine. Mama alikuwa na utoto wake kwenye kilima kile, akikaa na wanawake wenzake wanakumbushana. Sisi utoto wetu uliachwa ng'ambo ya mpaka, na mashahidi wake walikuwa mimi na yeye.

Mpira ulirudi kupitia mwalimu wa shule ya msingi, mama wa makamo ambaye mwenyewe hakuwahi kupiga mpira. Kulikuwa na mashindano ya vilima, wanaume kwa wanaume, na safari ile wakasema wanawake nao wacheze Jumapili mchana baada ya kutoka kanisani. Mwalimu alipita nyumba kwa nyumba akitafuta wanawake wenye pumzi. Alipofika kwetu akauliza kama kuna anayejua kucheza, dada alinawa mikono ya udongo, akasema, "Mimi nakaa golini."

Uwanja ulikuwa mteremko. Upande wa juu ulikuwa na nguzo za goli zilizokatwa kwenye mikaratusi, zimechimbiwa chini zikiwa na vifundo vya matawi ambavyo hakuna aliyevichonga. Dada alizishika siku ya kwanza, akapitisha kiganja, akamwambia mwalimu zinahitaji kulainishwa au kufungwa magunia. Mwalimu alikubali. Aliyeahidi kuleta panga hakuleta, na magunia yalikuwa na kazi nyingine, kwani ulikuwa msimu wa mavuno. Mambo yalikwenda hivyo, bila mtu kukataa.

Mengine yote aliyafanya. Aliwapanga wanawake wa kilima, wengine wana watoto wachanga mgongoni, wakaokota mawe. Waliona ni kichekesho. Wakati wa kunyoosha misuli walikuwa wanashikana mabega wakianguka kwa kucheka, na watu waliotoka kanisani walikaa kwenye majani kuangalia sehemu hiyo kuliko mechi yenyewe. Baada ya muda waliacha kucheka. Mmoja aliyekuwa anaumwa misuli kila Jumatatu hadi anashindwa kulima alikuja nyumbani kumshukuru dada, akaleta ndizi.

Tukaanza kushinda. Mimi nilikuwa beki mbele yake, nikisikia sauti yake nyuma yangu, na yeye alinipigia kelele kwa Kiswahili, "Toka! Geuka! Wa kwangu!" Baada ya mechi chache wanawake wote wa kilima walikuwa wanasema "wa kwangu" bila kujua wamejifunza lugha. Na watu wakaacha kumwita Mtanzania. Alipopita njiani akiwa na jembe walimwita golikipa wetu. Wetu, walisema. Niliona alivyokuwa anapunguza mwendo ili alisikie neno hilo vizuri.

Aliumia mara ya kwanza kwenye mechi ambayo haikuwa na maana yoyote, tulikuwa tumeshashinda. Ilipigwa kona. Aliruka, akaupangua mpira, na mshambuliaji wa upande wa pili, bila nia mbaya, akamgonga akiwa angani. Hakuwahi kujikunja. Kichwa kikapiga nguzo, pale pale penye kifundo cha tawi. Mlio wa pigo niliusikia. Alilala kidogo, akainuka mwenyewe, akajifuta vumbi. Hakutoka damu. Watu wakampigia makofi.

Kisha akaniuliza, "Sisi tunapeleka upande gani?"

Wenzetu wakacheka, wakidhani ni utani wake. Mimi nilimwonyesha kwa mkono, na alipotazama huko niliona macho yake yamechelewa kufika. Nikamwita mwalimu. Tukamtoa, akalalamika, mechi ikaisha.

Kesho yake tulikwenda kituo cha afya. Alikuwa ametapika asubuhi na mwanga ulimwumiza. Muuguzi alikuwa mwanamume mpole. Alimwangalia macho, akamwambia asimame kwa mguu mmoja, akamwuliza maswali ya kawaida, kisha akatueleza taratibu kwamba ubongo umetikisika, na kwamba dawa yake kubwa ni kupumzika. Asibebe mizigo, asikimbie, asikae juani. "Na mpira?" dada aliuliza. Muuguzi akasema mpira asiuguse mpaka kichwa kiache kuuma kabisa, na hata kikiacha, arudi hapo kwanza amwone. Akarudia mara ya pili, akimwangalia mama. Akipigwa tena kabla hakijapona, alisema, inaweza kuwa mbaya sana, hata kama pigo ni dogo.

Alipumzika. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu baadaye watu walisema mengi. Alilala ndani ya chumba chenye giza, mama akamfanyia kazi zake zote, mimi nikabeba maji yake. Siku zikapita, akaanza kukaa nje, akala, akacheka. Akasema kichwa kimetulia. Mama aliamini kwa sababu alitaka kuamini, na kwa sababu aliona mtoto mzima. Mimi nililala naye kitanda kimoja. Nilijua kwamba asubuhi alikuwa anakaa ukingoni mwa kitanda amefumba macho kabla hajasimama.

Tulikuwa tumebakiza mechi moja, ya mwisho, na kilima cha jirani. Golikipa mwingine hakuwepo. Nilimwambia tukiwa tunachambua maharage mlangoni.

"Unakumbuka kocha alivyosema juu ya kichwa?"

"Nakumbuka."

"Alisema hata kama ni finali."

"Alisema ukisikia dunia inazunguka," alinijibu. "Haizunguki tena. Inauma kidogo tu, kama mtu aliyekosa usingizi."

"Muuguzi alisema urudi umwone."

"Nitamwona Jumatatu." Akapepeta ungo, maganda yakaruka. "Mdogo wangu, tumekaa hapa muda wote huu, nani aliwahi kuja mlangoni kwetu kutuomba kitu? Jana wamekuja watu wazima. Yule mzee aliyekataa kumsalimia mama tulipofika, jana amekuja na yeye. Niwaambie nini?"

Nilimwambia awaambie anaumwa. Aliendelea kupepeta. Mwalimu alipokuja kumwuliza mwenyewe, alisema amepona, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepona.

Jumapili ile uwanja ulijaa. Jua lilikuwa limefunikwa na mawingu na dada alisema hali ya hewa ni nzuri kwa macho yake. Kabla ya kucheza alituzungusha kuokota mawe kama kawaida. Kipindi cha kwanza alicheza vizuri kuliko nilivyowahi kumwona, na najua hayo yanasemwa daima juu ya watu waliopatwa na jambo, lakini nilikuwa mbele yake nikiona. Kipindi cha pili mpira ulipigwa kutoka karibu ukamgonga shavuni. Halikuwa shuti. Mtoto angeweza kupigwa na mpira ule akaendelea kula muwa wake. Aliuokota, akanirushia, nikaupeleka mbele.

Nilipogeuka alikuwa anakaa chini. Alikaa polepole, akiweka mkono mmoja nyuma kwanza, kama mwanamke aliyetoka shambani. Kisha akajilaza. Nilifika nikaona jicho moja limepanuka kuliko lingine. Nilimwita. Alisema kitu ambacho sikukisikia, na hilo ndilo jambo la mwisho alilosema kwa muda mrefu.

Wanaume walioketi kwenye majani ndio waliombeba. Walifunga machela ya miti na mikeka, wakabadilishana mabegani hadi barabarani, wakikimbia kwenye njia za miguu. Mzee yule alikuwa mmojawao, mzee na umri wake. Gari la parokia lilitupeleka Muyinga, na hospitali ya Muyinga ikatupakia kwenye ambulansi kwenda Gitega siku hiyo hiyo. Njiani mama alimshika miguu, akiisugua, akisema ni ya baridi.

Gitega walimpasua kichwa. Daktari aliyetuita alikuwa kijana, alitafuta maneno ya Kirundi rahisi akakosa, akachora kwa kidole juu ya meza: ubongo, damu, uvimbe, mfupa usiotanuka. Hakutulaumu. Aliuliza tu alipigwa mara ya kwanza lini, na mama alipomwambia, aliitikia kwa kichwa taratibu, akaacha kuchora.

Tulikaa katika hospitali ile hadi tukawa wenyeji. Mama alipika uani pamoja na wanawake wengine waliokuwa na wagonjwa, kila mtu na mafiga yake. Mimi nilikaa naye mchana, nikimwosha, nikimgeuza, nikimsimulia. Nilimsimulia kwa Kiswahili, kwani ndiyo lugha yetu. Nilimwambia habari za kambi zote ninazozijua, nikarudia. Muuguzi mmoja aliniambia wagonjwa wa aina hiyo pengine wanasikia.

Aliamka asubuhi moja mama akiwa amemshika. Aliomba maji. "Amazi," alisema, kwa sauti iliyokwaruza, na mama akapiga magoti pale pale kwenye sakafu. Nilikimbia kutoka uani. Nikamwambia, "Dada. Dada, unaniona?"

Aliniangalia. Macho yalikuwa yake. Kisha akamgeukia mama, akamwuliza kwa Kirundi nimesema nini.

Tulidhani ni uchovu. Daktari naye alisema tusubiri, lugha zinaweza kurudi moja moja. Kirundi chake kilirudi, kwanza maneno, halafu sentensi, Kirundi kizuri cha mama, kisichochanganywa na kitu. Mkono wa kulia ulirudi kidogo. Kutembea kulirudi, akiburuta mguu. Jina langu alilijua, alijua mimi ni mdogo wake, na alinipenda. Lakini Kiswahili hakikurudi. Na kilipoondoka kiliondoka na vilivyokuwa ndani yake. Ukimwuliza juu ya kambi alisema mama amemwambia kwamba tulikaa huko. Baba alimjua kwa jina. Ukimwambia baba alikuwa anaimba akinyoa ndevu, alitabasamu kama mtu anayesimuliwa habari za baba wa jirani.

Mama alirudi naye Buhinyuza. Watu wa kilima walimpokea kwa heshima. Walimlimia, walimletea maziwa. Timu haikucheza tena, na nguzo za mikaratusi ziling'olewa zikawa kuni, sijui za nani.

Mimi nilibaki Gitega. Kule hospitalini nilikuwa nimefahamiana na mama mmoja fundi cherehani aliyekuwa anamuuguza mumewe, akanichukua sokoni kumsaidia kukata vitambaa, na kazi ikanikaa mikononi. Serikali ilipohamia Gitega sare na suti ziliongezeka, tukawa na kazi hadi Jumamosi. Buhinyuza nilikuwa nakwenda nikipata nafasi. Kila nilipokwenda nilimsalimia dada kwa Kiswahili kwanza, halafu kwa Kirundi. Baada ya miaka kadhaa niliacha kuanza na Kiswahili.

Siku moja nilikuwa napima kitenge kwenye meza ya Wakongo, nikasikia mtu nyuma ya marobota anamwambia mteja, "We unavuta sana, kitambaa iko na uchungu." Sikuhitaji kuona uso. Alikuwa amezeeka, nywele zimemwisha, lakini macho ni yale ya kukagua kucha. Nilimwambia mimi ni nani. Aliweka mita chini.

"Yule mwenye mguu ya uongo," alisema. Akanishika mikono yote miwili. Kisha akauliza, kama nilivyojua atauliza, "Na gardien wangu, golikipa wangu, iko wapi?"

Nilimweleza hapo hapo kati ya marobota, wateja wakipita. Alisikiliza hadi mwisho. Aliuliza swali moja tu, kama dada alianguka vibaya.

"Alisukumwa akiwa juu," nilimwambia. "Hakuwahi kujikunja."

"Mi nilimufundisha kuanguka," alisema. "Alijua kuanguka kushinda bote." Akageuka, akaanza kupanga vitenge vilivyokuwa vimeshapangwa.

Alitaka kwenda kumwona. Nilijaribu kumzuia, akasema amesafiri mbali zaidi kwa mambo madogo. Tukapanda gari hadi Muyinga, tukaendelea kwa pikipiki za kukodi, kila mmoja na yake, vumbi usoni. Dada alikuwa ameketi uani anamenya mihogo kwa mkono wa kushoto. Kocha alisimama mbele yake amevua kofia.

"Gardien," alisema. "Habari ya siku mingi."

Dada alimwangalia kwa upole wa mtu anayepokea mgeni. Alifuta mkono kwenye kitenge, akampa, akiushika kwa ule mwingine kwa heshima kama mama alivyotufundisha. Kisha akamwuliza mama, "Uyu mugabo ni nde?"

Kocha hakujua Kirundi kingi, lakini alielewa kwamba dada ameuliza mwanamume huyu ni nani. Mama alisema ni mgeni wetu, rafiki wa marehemu baba. Tukala mihogo na maharage. Kocha alisifu chakula kwa Kiswahili, mama akatafsiri, dada akafurahi. Alipokuwa anaondoka, dada aliinuka kumsindikiza hadi njiani, akiburuta mguu, na kocha akatembea polepole kando yake, upande wa mguu ule, akitazama mbele kama mtu anayeondoa mawe kwa macho.

Baada ya hapo ndipo tulipoanza kuwafundisha wasichana wa Buraza, mkoa wa Gitega. Mtoto wa bosi wangu alikuwa anasoma huko, shule ilikuwa na mpira na haikuwa na mtu wa kuwafundisha. Jumamosi tukimaliza kazi tulikwenda, kocha akikaa kwenye kiti pembeni kwa sababu ya magoti yake, mimi uwanjani. Najua kuwafundisha kukimbia hadi jasho la kwanza, najua maji ya baridi na kitambaa. Nguzo zao zilikuwa za chuma. Tulizifunga sponji za magodoro chakavu. Mpira wenyewe, wa kushinda, mimi si mwalimu mzuri sana.

Mwaka jana msichana mmoja, mshambuliaji wetu wa kutumainiwa, aligongana kichwa na mwenzake. Alisema hana kitu. Nilimwuliza ni nani aliyefunga goli la kwanza, akafikiri mno. Nilimtoa, na Jumamosi iliyofuata nikamkatalia, na iliyofuata. Tulifungwa. Baba yake alikuja hadi sokoni kunieleza kwamba nimemwonea mtoto wake wivu, kwamba sisi tuliotoka Tanzania tunajifanya tunajua. Nilimsikiliza nikiwa na sindano mdomoni. Nilimweleza kidogo juu ya dada, na akaona nimemtabiria mwanawe mabaya, akaondoka amekasirika zaidi. Msichana alihamia timu nyingine. Nasikia anacheza na yuko mzima, na ninaomba iwe hivyo. Sitajua kamwe kama nilimwokoa na kitu au nilimnyima mechi tu.

Mama alifariki msimu wa mvua uliopita. Alikuwa mzee, alilala, ndivyo tunavyosema. Baada ya matanga nilimchukua dada nikaja naye Gitega. Alikuwa na hofu ya magari mwanzoni. Sasa amezoea nyumba, anafagia, anapika, anakwenda ibada ya asubuhi na jirani yetu mjane, na watu wa mtaani wanasema Kirundi chake ni kizuri kuliko changu. Wanauliza kwa nini mimi ninaongea kama mgeni na yeye haongei hivyo.

Jioni ananiomba nimsimulie, kwa sababu hawezi kusoma tena na redio inamchosha. Nimemmalizia hadithi zote za mama. Nikaanza kumsimulia za kambi, kwa Kirundi, nikikwama kwenye maneno ambayo sijawahi kuyasema kwa lugha hiyo. Namwambia kulikuwa na wasichana wawili ndugu, na Mkongo aliyependa kuokota mawe, na mkubwa wa wasichana wale alikuwa golikipa. Anapenda hizo kuliko zote. Analicheka duka lisilouza vichwa.

Juzi alinikatiza katikati. Tulikuwa tunamenya viazi, yeye kwa mkono wake mzuri.

"Na yule golikipa," aliniuliza, "mwisho wake alikwenda wapi?"

Nilitumbukiza kiazi kwenye sufuria. Nikamwambia vita vilipokwisha alirudi nchini kwao na mama yake na mdogo wake, wakapata shamba, wakajenga.

"Ni vizuri," alisema, akanipa kisu nimalizie viazi vilivyobaki, kwa sababu mkono ulikuwa umechoka.